Gari Limeoshwa, Bodi Bado Inakwaruza

Barua nyingi za mwezi huu zinalia kilio kimoja: gari linaoshwa, linapigwa polishi, lakini kiganja kikipita juu ya boneti bado kinakwaruza. Tumechagua saba. Uchafu wa kawaida hulala juu ya rangi na sabuni inautosha. Hivi tunavyoulizwa vimejichimbia kwenye klia, lile tabaka angavu la juu linalokinga rangi, au vimegandana nayo, na kila kimoja kina kiyeyushi chake. Anayeanza kusugua kabla ya kuyeyusha anaikwangua klia, na uchafu unabaki palepale.

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina Toyota IST nyeupe, nalilaza jirani na karakana ya mageti. Sasa limejaa vidoti vya rangi ya machungwa kwenye boneti, paa na mlango wa nyuma. Sabuni haivitoi. Fundi rangi kaniambia ni kutu ya bati inayotokea ndani, gari lipigwe rangi upya. Ni kweli? – *Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba. Usitoe hela ya rangi bado. Kutu ya bati huivimbisha rangi: utaona malengelenge, kisha rangi inabanduka, na mara nyingi huanzia chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu au pale jiwe lilipopiga. Yako iko juu, kwenye sehemu zilizolala, imetawanyika kama iliyonyunyizwa. Kitazame kidoti kimoja kwa karibu, ikibidi kwa kamera ya simu ukiikuza picha. Utaona punje nyeusi katikati na duara la kutu kuizunguka. Hiyo ni chembe ya chuma.

Imetoka kwenye grenda. Jiwe linapokata bomba, zile cheche ni vipande vya chuma vyenye moto mkali. Kikitua kwenye klia kinaichoma kidogo na kunasa. Umande wa usiku unakishikisha kutu, kutu inakivimbisha, na kinazidi kujikita. Vumbi la breki na la reli hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana hata gari lililoshuka juzi bandarini kutoka Japani, likiwa halijaona karakana ya mageti, linaweza kuwa nazo. Gari jeusi nalo huzibeba, ila halitoi siri.

Kipimo chake hakina gharama. Osha gari, likaushe, vaa mfuko wa mkate mkononi kama glavu, kisha pitisha ncha za vidole polepole juu ya boneti. Plastiki inaondoa msuguano wa ngozi, kwa hiyo kila punje utaisikia. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini wa mkate bado upo jikoni.) Kukiwa laini kama kioo, huna kazi ya kufanya. Kukiwa kama msasa, endelea kusoma.

Utahitaji dawa ya kuyeyusha chuma, ile isiyo na asidi ambayo ikigusa chembe inageuka zambarau. Kemikali iliyomo kwa kawaida ni amonia thayoglikoleti, jamaa ya dawa za kukunja nywele saluni, na ndiyo maana inanuka kama yai viza. Usifikirie kutumia ile ya saluni; imetengenezwa kwa ajili ya nywele na ina alikali zaidi. Kwa IST nzima mililita 400 hadi 500 zinatosha duru moja. Ongeza klei ya daraja laini, gramu 100, yaani ule udongo wa kunyumbuka wa kusafishia rangi, shampuu ya gari, ndoo mbili, na taulo tatu au nne za maikrofaiba.

Fanya kazi kivulini, asubuhi au jioni, bodi ikiwa baridi. Weka mgongo wa kiganja juu ya boneti. Ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde tano, subiri. Osha gari kwa shampuu, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, kisha limwagie maji mengi. Vaa glavu na funika pua. Puliza dawa upande mmoja kwa wakati: boneti, halafu paa, halafu ubavu. Baada ya dakika moja au mbili utaona michirizi ya zambarau ikishuka, kama mtu kamwagia juisi ya zambarau. Iache dakika tatu hadi tano kwa jumla. Isikauke! Ikikauka inaacha madoa ambayo ni kazi nyingine. Ikianza kukauka, mwagia maji mara moja hata kama dakika hazijatimia. Suuza kwa maji mengi, hasa kwenye mifereji ya milango na nyuma ya vitasa, maana dawa hujificha humo na kuchuruzika baadaye.

Gari lako likiwa limelala karibu na grenda kwa miezi, duru moja haitoshi. Rudia mara ya pili. Duru ya pili ikitoa zambarau kidogo tu, umefika. Ikitoa nyingi kama ya kwanza, fanya ya tatu siku nyingine.

Dawa hii usiichanganye na kitu chochote chenye klorini, wala na asidi ya kuoshea rimu. Michanganyiko hiyo hutoa gesi mbaya. Usiipulize kwenye diski za breki zenye moto. Kromu iliyoanza kubanduka nayo iruke.

Sasa klei. Kata vipande vitatu au vinne, kimoja ukikande mpaka kiwe bapa kama nusu ya chapati ndogo, kinachoenea kwenye vidole vitatu. Kilainishi ni maji yenye shampuu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, kwenye chupa ya kupulizia. Lowesha eneo la sentimita 40 kwa 40, lowesha na klei yenyewe, kisha itembeze kwa mistari iliyonyooka, mbele na nyuma, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Uzito wa vidole unatosha. Mwanzoni utasikia mkwaruzo na klei itakuwa inakwama. Baada ya mapito machache sauti inapotea na klei inateleza. Hapo eneo hilo limekwisha. Futa, tazama uso wa klei: ukiona vitone vya kahawia, kunja ndani, kanda, upate uso mpya.

Ikianguka chini, itupe. Hata kama ni mpya, hata kama ni ya bei. Mchanga ulioshikwa na klei utachora gari lako kuanzia boneti hadi buti, na hiyo ndiyo sababu tunasema ikatwe vipande: ukipoteza kimoja una vingine.

Kwa nini dawa kwanza na klei baadaye? Klei peke yake hukata kichwa cha chembe na kuacha shina ndani ya klia. Gari linakuwa laini siku hiyo, na baada ya mvua mbili tatu vidoti vinarudi palepale. Tena chembe iliyong'olewa kwa nguvu inaburutwa na klei juu ya rangi. Wengi wanaosema klei haifai walianzia katikati ya kazi.

Ukimaliza, klia iko uchi, maana klei imeondoka na nta yote ya zamani. Paka nta au silanti (kinga ya rangi inayotengenezwa kiwandani badala ya nta) siku hiyohiyo, matabaka mawili membamba, ukiacha muda ulioandikwa kwenye kopo kati ya moja na jingine. Halafu ongea na jirani wa karakana, au nunua turubai. Nta haizuii cheche.

SWALI: Barabara yetu inawekwa lami mpya. Noah yangu ya fedha imepigwa madoa meusi nyuma ya magurudumu yote na chini ya milango. Vijana wa kuoshea magari walitumia petroli, madoa yakatoka nusu, lakini raba za milango zimepauka. Nifanyeje? – *Mama mwenye Noah, Morogoro*

JIBU: Pole mama. Petroli inayeyusha lami kweli, ila inaruka hewani kabla haijamaliza kazi, kwa hiyo kijana analazimika kusugua. Raba inanyonywa mafuta yake na kupauka, na kuna hatari ya moto ambayo haistahili doa la lami.

Tumia mafuta ya taa, au dawa maalumu ya lami ukiipata. Osha gari kwanza ili mchanga utoke. Lowesha pamba kwa mafuta ya taa, ibandike juu ya doa, iache dakika moja hadi mbili. Ukiibandua utaona ukingo wa doa umegeuka kahawia na unatiririka. Futa kwa upande safi wa pamba, mara moja, kuelekea nje ya doa, na pamba hiyo usiirudie. Doa nene litadai mara tatu au nne. Ukimaliza upande mmoja, osha palepale kwa maji ya sabuni, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki yanavuta vumbi na nta haishiki juu yake.

Kama gari lina lami na chembe za chuma pamoja, anza na lami. Lami hufunika chuma, na dawa ya chuma haipenyi mafuta.

Usikubali thina, hasa kama ubavu huo uliwahi kupigwa rangi mtaani. Rangi za kiwandani, na zile za kuchanganywa na hadna (dawa ya kuikaza rangi) zikishaiva, huvumilia kidogo. Rangi za selulosi zinazokauka kwa thina tu zinalainika papo hapo, na utafuta doa na rangi pamoja. Ukitaka kujua yako ni ipi, fungua mfuniko wa tangi, lowesha pamba kwa tone la thina na uguse upande wa ndani wa mfuniko. Pamba ikitoka na rangi, basi. Lakini hakikisha mfuniko nao ulipigwa rangi na fundi huyohuyo, la sivyo unapima rangi ya kiwandani.

Raba zilizopauka: zioshe, zikauke, upake dawa ya raba yenye silikoni au gliserini kidogo ya dukani. Zitarudi kwa kiasi, si zote.

SWALI: Naosha gari kwa maji ya kisima. Likikauka linabaki na viduara vyeupe, na sasa hata nikiosha tena havitoki. Gari ni jeusi, linaudhi. – *Msomaji wa Dodoma*

JIBU: Hiyo ni chokaa na chumvi nyingine zilizokuwa ndani ya maji. Tone linakauka, maji yanaondoka, madini yanabaki, na jua linayapika juu ya klia. Klei haisaidii sana hapa, kwa sababu madini yameshikana na uso wote wa kiduara, hayajakaa kama punje.

Asidi nyepesi ndiyo inayofaa. Chukua siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, changanya na maji kiasi sawa kwa sawa. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya eneo lililo kivulini na baridi, dakika moja hadi mbili. Inua, futa taratibu, suuza, kisha osha kwa shampuu ili siki isibaki. Mara mbili inatosha. Baada ya hapo pitisha ukucha juu ya mahali pa kiduara. Pakiwa laini na alama imeondoka, paka nta. Ukihisi bonde dogo, au ukiona kivuli cha duara kikionekana kwa pembeni tu, madini yalikwishaila klia. Siki haijazi shimo. Hapo ni polishi laini ya kukata, na kwa alama zenye kina ni kuzikubali.

Kuanzia sasa usioshe saa sita mchana. Osha upande mmoja, suuza, kausha kwa taulo, ndipo uende mwingine. Kama una ndoo moja ya maji ya mvua, hifadhi hiyo kwa suuza ya mwisho. Maji ya mvua hayana chokaa.

SWALI: Gari linalala chini ya mwembe. Kunguru juu, utomvu juu, na mimi sina pengine pa kulaza. Kipi ni kibaya zaidi? – *Kaka wa Tanga*

JIBU: Kinyesi, na kinachokifanya kibaya ni saa zinazopita. Kina asidi, lakini si hiyo tu: juani klia inapata joto na kulainika, kinyesi kikikauka kinajikunja na kuivuta klia pamoja nacho. Jioni bodi ikipoa, ule mkunjo umebaki. Ndiyo maana unaosha kinyesi kikaondoka na bado unaona ramani yake. Kinyesi cha saa sita hadi saa tisa mchana wa Februari kinadhuru kuliko cha siku nzima ya mawingu.

Usikifute kikavu. Ndani yake mna mbegu na mchanga. Lowesha karatasi ya chooni au kitambaa kwa maji, funika, subiri dakika kumi, kisha *inua* kama unavyoinua takataka kwa kijiko cha vumbi, usiburute. Weka chupa ya maji na kitambaa ndani ya gari, kazi inaisha kabla hujafika ofisini.

Utomvu wa mwembe, ule unaounguza midomo ya watoto wanaokula embe bila kulikata kikonyo, hukauka kama gundi. Ukiwa bado unanata, maji ya vuguvugu na shampuu yanautoa. Ukishakuwa mgumu, tumia spiriti ya hospitali ya asilimia 70 kwenye pamba: bandika nusu dakika, futa, rudia. Ukucha usiuguse, wala kisu cha plastiki. Spiriti huondoa nta, kwa hiyo paka tena mahali hapo. Kwenye rangi ya mtaani ijaribu kwanza pembeni, kama tulivyomwambia mama wa Morogoro.

SWALI: Pikapu yetu ya kazi imerukiwa na zege na imekaa wiki. Kijana anataka kuligonga kwa bisibisi. – *Mkandarasi mdogo, Mwanza*

JIBU: Mnyang'anye bisibisi. Saruji mbichi ni alikali kali, pH yake inapita 12, na huanza kuichoma klia ndani ya saa chache. Kwa wiki nzima, tegemea alama kubaki hata mkilitoa lote vizuri.

Lowesheni kwa siki isiyochanganywa, kitambaa juu, dakika tano tano, huku mkiongeza siki ili kisikauke. Mtaona vipovu vidogo; ndipo chokaa inapoachia. Halafu kuna jambo linalowaponza wengi: siki inayeyusha saruji, mchanga hauyeyuki. Kipande kikilegea kinageuka rundo la mchanga mkali juu ya rangi, na hapo ndipo mtu hufuta kwa furaha. Msifute. Mwagieni maji kwa bomba mpaka mchanga wote uondoke, ndipo mrudie siki. Kwa zege nene inaweza kuchukua saa nzima kwa doa. Asidi ya betri hapana, na ile kali ya kuoshea vigae vya choo hapana. Zitakula chuma palipochubuka, na kromu yote.

Mkirukiwa tena, maji mengi papo hapo, kabla ya chai. Na unga mkavu wa saruji ukitua kwenye gari usipanguswe kwa kitambaa kikavu wala chenye unyevu kidogo. Upeperusheni kwanza, kisha maji ya kutosha kweli.

SWALI: Jirani alipiga geti rangi ya kupulizia, upepo ukaleta yote kwangu. Bodi, vioo na taa vina ukungu wa rangi nyeusi. – *Msomaji wa Nyali, Mombasa*

JIBU: Hii ndiyo kazi ambayo klei iliumbiwa. Matone ya rangi yaliyosafiri hewani hufika yakiwa yamekauka nusu, kwa hiyo yamebandika juu tu. Osha gari, lainisha kwa wingi kuliko tulivyosema kwa IST, na tumia klei laini kwanza. Ikishindwa baada ya mapito ishirini hivi kwenye eneo moja, panda daraja la kati, ukijua hilo litaacha ukungu mwepesi wa mikwaruzo utakaodai polishi. Kama geti lilipigwa rangi ya mafuta na haijapita siku moja, mafuta ya taa kwenye pamba yatalegeza sehemu kubwa kabla ya klei.

Vioo ni rahisi: wembe mpya, maji ya sabuni mengi, uulaze karibu na kioo na usukume mbele tu, usirudishe nyuma. Taa usiziguse kwa wembe wala thina. Ni plastiki, thina inazipasua nyufa ndogondogo za ndani ambazo hakuna polishi itakayozitoa. Taa nazo ni klei. Raba na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi zina vinyweleo, klei inaacha mabaki humo. Jaribu mafuta ya taa kidogo na brashi ya meno.

Na gharama mpelekee jirani, kwa adabu.

SWALI: Ninapoosheshea Harrier yangu nyeusi wananiambia nipige bafu, yaani polishi ya mashine, kila miezi mitatu ili isikwaruze. Na mke wangu anasema dawa ya meno inatosha. Nani mkweli? – *Msomaji wa Arusha*

JIBU: Hakuna. Dawa ya meno ni msasa mwembamba ndani ya kinywa cha mtu. Kwenye rangi inang'arisha doa moja na kuacha eneo lenye ukungu kuzunguka. Sabuni ya unga ya kufulia nayo inavua nta na kupausha raba. Soda iacheni iwe kinywaji.

Kuhusu bafu, tuseme kwa hesabu. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima mpaka juu, huwa na unene wa maikroni 100 hadi 140 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja). Klia peke yake ni kama 35 hadi 50, pungufu ya unywele wa kichwani. Mashine yenye pedi ngumu na kompaundi ya kukata (dawa nzito ya kusugulia rangi) huondoa maikroni kadhaa kwa mpigo mmoja, na kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango huondoa zaidi, maana pedi inakandamiza hapo na klia huwa nyembamba. Mara nne kwa mwaka, kwa gari ambalo huenda lilibafuliwa Japani kabla ya kuuzwa? Piga mahesabu mwenyewe. Kinga ya jua iliyo ndani ya klia nayo inapungua kila ikikatwa. Ikishapungua sana paa linaanza kubabuka magamba meupe, na hapo hakuna dawa zaidi ya rangi mpya.

Tena bafu si tiba ya mkwaruzo unaousikia. Pedi inapita juu ya chembe, inazing'oa baadhi na kuzizungusha kwa kasi juu ya rangi. Ni moja ya asili za ile mizunguko ya buibui inayoonekana juani kwenye magari meusi. Klei iliyolainishwa vizuri haiondoi klia ya kuhesabika. Kwa gari la mjini mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, kila mara baada ya kipimo cha mfuko wa mkate, si kwa kalenda.

Ukipata fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, mwambie apime paa, boneti na milango kabla hajawasha mashine. Asiye nacho ajaribu kompaundi kwa mkono mahali pa siri. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hapo hapana klia: ama imeisha, ama gari halikuwahi kuwa nayo, kama magari mengi meupe ya kazi ya zamani yanayoacha chaki mkononi. Kwa hayo, kitambaa cheupe chenye nta ndiyo mwisho wa safari.

KWA UFUPI: Watatu wameuliza kuhusu kuhifadhi klei. Ufundi huu wa klei ulianzia Japani miaka ya 1980, na kitu chenyewe ni plastiki laini iliyochanganywa na punje ndogo sana za kusugua, ikikauka inapasuka. Irudishe kwenye kikasha chake na matone machache ya kilainishi, mbali na joto, usiiache kwenye dashibodi. Kule Njombe na Makete, Julai asubuhi itakuwa ngumu kama kiatu: itumbukize dakika mbili kwenye maji ya vuguvugu, ikande, utaweza kuitumia. Ikishakuwa ya kijivu kote na hakuna uso safi unaobaki ukiikunja, usiirudishe kwenye rangi. Bado inafaa kwa rimu.